Mdudu Mwenye Sumu: Tusimwue kwa Hasira, Wala Tusimle kwa Tamaa



Mvua nyingi zikinyesha, nyumba zetu hupata mgeni asiyealikwa. Ni yule mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, ambaye watu wa Kenya humwita Nairobi Fly. Hupenda taa. Taa ikiwashwa jioni, huja ukutani, mezani na hata kitandani. Mtu akimponda shingoni bila kujua, kesho yake au kesho kutwa ngozi huwaka kama iliyomwagiwa maji ya moto, kisha hutoa malengelenge.

Sasa kuna habari nyingine inayozunguka vijijini juu ya mdudu huyu na wenzake. Imesemwa redioni na katika simu za vijana kwamba mabingwa wanatafuta dawa ya saratani, ambayo wengine huiita kansa, ndani ya sumu za wadudu. Habari hiyo ni kweli. Lakini habari ya kweli ikisikiwa nusu huweza kuleta hasara kuliko uongo mtupu.

Sisi tulio katika ofisi za kilimo huulizwa maswali ya namna mbili juu ya jambo hili. Wengine huuliza kwa kucheka, "Mdudu kama huyu ana faida gani? Si afadhali tupige dawa shamba zima tumalize ukoo wake?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu wana mgonjwa nyumbani, "Je, tukimkausha na kumsaga, mgonjwa apewe kiasi gani?"

Maoni yangu ni kwamba wote wawili wana haraka. Wa kwanza ataka kuharibu kitu ambacho hajakijua, na wa pili ataka kukila kabla hakijawa chakula wala dawa. Nataka niwaeleze kwa nini nasema hivyo, maana katika neno hili yamo maisha ya watu, na tena yamo mali ya shamba.

MDUDU MWENYEWE

Kwanza tumjue. Ingawa jina lake la Kiingereza lamwita nzi, yeye si nzi. Ni wa jamaa ya mbawakawa. Magamba ya mabawa yake ni mafupi, na tumbo lake huonekana nje, hata wengi humdhania kuwa siafu wa rangi. Haumi mtu, wala hana mwiba. Sumu yake imo katika maji ya mwili wake, nayo hutoka mtu anapomponda. Sumu hiyo ikipelekwa machoni kwa vidole huleta ule uvimbe unaoitwa "jicho la Nairobi". Baada ya mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 wadudu hawa waliongezeka sana nchini, wakasumbua watu wengi.

Hayo ndiyo mabaya yake, na kila mtu ayajua. Mema yake hayajulikani sana. Mdudu huyu ni mwindaji. Hukaa penye unyevu, kando ya mito, katika mabonde na chini ya majani yanayooza, akila vidukari, mayai ya wadudu na vidudu vingine vidogo vinavyoharibu mimea. Yaani anapokuwa shambani hufanya kazi yenu bila mshahara. Ni usiku tu, taa inapomvuta, ndipo anapogombana nasi.

JINSI SUMU ILIVYOPATIKANA

Mdudu wa jamaa hiyo hiyo yuko pia katika nchi za Ulaya na Asia. Mwaka 1953, huko Italia, bingwa mmoja jina lake Mario Pavan pamoja na mwenzake walifaulu kuitoa sumu ile katika mwili wa mdudu na kuipata ikiwa safi. Waliipa jina la pederini. Ili kupata sumu ya kutosha kuchunguzwa, walikusanywa wadudu wapatao milioni 25. Mkulima aliyewahi kuchuma pareto, ua moja moja mpaka gunia lijae, ataelewa ni kazi ya namna gani. Hata baada ya hapo, umbo lenyewe la sumu hiyo, jinsi ilivyoungwa sehemu kwa sehemu, halikufahamika mpaka miaka ya 1960. Hiyo ni miaka mingi ya kazi, na bado ilikuwa ni kuijua tu, si kuitumia.

Je, sumu hiyo hufanya nini? Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya kila seli mna viwanda vidogo vinavyotengeneza protini, na bila protini seli haiwezi kukua wala kugawanyika. Pederini huingia ikavifunga viwanda hivyo. Seli hufa, na ndiyo sababu ngozi hutoa malengelenge.

Sasa fikirini saratani ni nini. Saratani ni ugonjwa wa seli zilizoasi. Badala ya kuzaliana kwa kiasi, kila moja mahali pake, huzaliana bila kukoma, zikavamia sehemu nyingine za mwili, kama sangari inavyovamia shamba la viazi. Seli zinazozaliana kwa haraka zahitaji protini nyingi. Basi mabingwa walijiuliza, kitu kinachofunga viwanda vya protini hakiwezi kuziua seli hizo? Walijaribu katika maabara, na kweli, pederini iliziua seli za saratani, hata ilipokuwa kidogo sana.

Mtu akiishia hapo katika kusoma, atatoka mbio kwenda kukusanya wadudu. Lakini asomaye lazima afike mwisho. Pederini huua seli za saratani, na huua pia seli nzuri. Haichagui. Ninyi mwajua dawa za magugu. Dawa nzuri ya magugu ni ile inayoua gugu ikaacha mahindi. Ile inayoua magugu na mahindi pamoja haifai kupigwa katika shamba lenye mahindi, hata kama magugu yote yamekufa. Mwenye shamba atasimama katika udongo mtupu, hana gugu wala hana chakula. Hivyo ndivyo pederini ilivyo mpaka sasa. Haijawa dawa ya kumpa mgonjwa.

MWENYE KIWANDA NI NANI?

Liko jambo moja lililonifurahisha sana katika habari hii, na mkulima wa maharagwe atalielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Ng'oeni mche wa maharagwe mtazame mizizi yake. Mtaona vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo hukaa bakteria, ambao huchukua naitrojeni ya hewani wakaifanya chakula cha mmea. Maharagwe huwapa makao, nao humlipa mwenye nyumba kwa mbolea.

Kwa mdudu wetu mambo ni karibu hayo hayo. Mwaka 2002 mtaalamu Jörn Piel, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alionyesha kwamba anayetengeneza pederini si mdudu mwenyewe. Ni bakteria wanaokaa ndani yake. Mdudu jike huwa na sumu nyingi, naye huitia katika mayai yake, na watoto wanaotoka katika mayai hayo hawaliwi ovyo na buibui. Basi bakteria wamepata nyumba, na mdudu amepata mlinzi wa watoto wake.

Tena, vitu vinavyofanana sana na pederini vimepatikana katika sifongo za baharini, mbali kabisa na mashamba yetu. Kwa hiyo wanaotafuta dawa hawamtazami mdudu peke yake. Hutazama pia viumbe wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani yake. Duniani aina za wadudu zilizokwisha kupewa majina na wataalamu ni kama milioni moja, na wengi sana hawajapewa. Zilizochunguzwa sumu zao ni chache mno.

WADUDU WENGINE

Nairobi Fly si peke yake. Wako wale mbawakawa wanaokula maua ya maharagwe na kunde, wenye mabawa meusi yaliyokatwa kwa mistari ya manjano au nyekundu. Nao wakishikwa hutoa maji yanayochoma ngozi. Sumu yao huitwa kantharidini. Ilitolewa ikiwa safi mwaka 1810 na Mfaransa Pierre Robiquet. Waganga wa China waliwatumia wadudu wa jamaa hiyo tangu zamani, na katika siku zetu madaktari wa huko wamekuwa wakitumia dawa iliyotengenezwa kwa kuibadili sumu hiyo ili ipungue ukali, kwa wagonjwa wengine wa saratani ya ini. Kule Marekani mwaka 2023 serikali iliruhusu kantharidini ipakwe na daktari juu ya vipele fulani vya ngozi, ambavyo si saratani. Lakini sumu hiyo hiyo, mtu akiimeza, huunguza tumbo na kuharibu figo, na yaweza kumwua. Farasi wamekufa Marekani kwa kula majani makavu ambamo wadudu hawa walikauka pamoja na majani.

Wako na nyuki. Mwaka 2020, katika mji wa Perth, Australia, mtaalamu Ciara Duffy na wenzake walichukua sumu ya nyuki 312 wakaijaribu juu ya seli za saratani ya matiti. Kitu kimoja kilichomo katika sumu ya nyuki wa asali, kiitwacho melitini, kilitoboa ngozi za seli hizo kwa muda usiozidi saa moja. Hiyo ni habari njema. Lakini ilikuwa kazi ya maabara, juu ya seli zilizo katika vyombo na juu ya panya. Mtu asiende kuweka mkono katika mzinga akidhani amepata hospitali. Wako watu ambao mwiba mmoja tu wa nyuki huwafunga pumzi.

KUJARIBU SI KUCHELEWESHA

Mwenye mgonjwa atasema, "Ninyi mna maneno mengi, na mtu wangu anaumia. Kama sumu imeua seli za saratani, mwangoja nini?" Swali hilo si la kudharau. Nami nalijibu kwa jambo ambalo mkulima amelishika kwa mikono yake, yaani mbegu.

Mahindi ya Hybrid 611 yalitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964. Yalitokana na kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Hayakutoka katika gunia siku ile yalipofika yakapewa watu. Yalipandwa katika vipande vya majaribio, yakapimwa, yakalinganishwa na mengine, msimu baada ya msimu, mpaka yakajulikana yafaa wapi na hayafai wapi. Kama mbegu isiyoua mtu hujaribiwa hivyo, sumu inayoua itajaribiwaje? Hujaribiwa kwanza juu ya seli, kisha juu ya wanyama, kisha juu ya watu wachache wanaokubali wenyewe, kisha juu ya watu wengi. Vitu vingi huanguka njiani. Pengine kati ya mamia hubaki kimoja.

Tena, kuanguka si mwisho. Natoa mfano wa mti, kwa sababu mti huo ni wa kwetu na mwendo wake watuonyesha jinsi sumu iwezavyo kugeuka dawa. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, Morris Kupchan, alitangaza kitu kiitwacho maitansini, alichokitoa katika mmea wa Ethiopia. Kiliua seli za saratani kwa nguvu sana. Katika miaka ya 1970 mmea wa jamaa hiyo ulikatwa kwa matani katika vilima vya Shimba, huko Kwale, ukapelekwa Marekani kwa majaribio. Wagonjwa walipopewa, ikaonekana sumu yawadhuru kuliko kuwafaa, na kazi ikaachwa. Lakini baada ya miaka mingi wataalamu walipata akili nyingine. Walichukua sumu ya namna ile wakaifunga juu ya kingamwili, yaani kitu kinachojua kuitafuta seli ya saratani na kuishika. Sumu hubebwa kama barua yenye anwani, na hufunguliwa pale inapofika. Mwaka 2013 dawa ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani kwa aina moja ya saratani ya matiti.

Kwa mfano huo naona mambo mawili. La kwanza, sumu iliyoshindwa leo yaweza kufaa baada ya miaka 40, akipatikana mtu wa kuifungia anwani. Huenda pederini nayo ikafuata njia hiyo, na huenda isiifuate, lakini mlango haujafungwa. La pili, mmea ule ulikuwa bado upo. Kama ungalikuwa umemalizwa na moto au na shoka kabla hajaja wa kuuchunguza, hakuna ambaye angalijua kilichopotea.

BASI TUFANYE NINI?

Nasema mambo matatu.

La kwanza, mtu yeyote asile wadudu hawa, asiwasage, asiwapake juu ya kidonda, wala asinunue unga wao kwa mtu apitaye na chupa. Anayewauzia unga wa mdudu kwa jina la dawa ya saratani, hata akionyesha picha na maneno ya Kizungu, anawauzia sumu iliyochomwa jua. Hakuna ajuaye kipimo chake, kwa sababu mdudu mmoja ana sumu nyingi na mwingine ana kidogo. Na hasara yake si sumu peke yake. Hasara kubwa zaidi ni siku zinazopotea. Saratani iliyoonekana mapema mara nyingi huweza kutibiwa, na iliyochelewa ni vigumu. Mtu akikaa miezi 6 akilamba unga, ile miezi 6 hairudi, na ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya unga harudi, na siku ya kwenda hospitali mkono ni mtupu.

Kwa hiyo dalili zijulikane katika kila nyumba. Uvimbe katika titi, kidonda kisichopona, chakula kukwama kooni, damu kutoka kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kukojoa kwa shida kwa mzee, kukonda bila sababu. Hizi si lazima ziwe saratani, lakini ni lazima zionwe na daktari. Wasichana nao wapelekwe kupata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 kwa walio na umri wa miaka 10. Chanjo hiyo ilikwisha kupita majaribio yote. Ni ajabu mzazi aikatae ile iliyopimwa, kisha akubali unga usiopimwa.

Na Nairobi Fly akikutua mwilini, usimponde. Mpulize, au mwondoe kwa karatasi. Ukiwa umemponda, osha mahali pale kwa maji na sabuni upesi, na usiguse macho kabla ya kuosha mikono. Siku za mvua funga milango kabla ya kuwasha taa, kung'uta shuka kabla ya kulala, na tumia chandarua. Kwa mambo hayo madogo utakaa naye bila vita.

La pili, tuache desturi ya kupiga bomba kila tuonapo mdudu. Sisemi mtu asiue viwavi jeshi wanaomaliza mahindi yake. Huo utakuwa upumbavu, na watoto wake watalala njaa. Nasema apige dawa akiwa na sababu, kwa kipimo kilichoandikwa, mahali palipo na adui. Anayepiga shamba lote pamoja na ua, ukingo wa mto na bonde, hupoteza fedha mara mbili. Huinunua dawa, kisha huwaua wale waliokuwa wakimlia vidukari bure, na msimu ujao hulazimika kuinunua nyingine. Acheni ukanda wa majani kando ya mto. Acheni ua wa miti ya asili mpakani. Skimu nyingi ziligawanywa vipande vidogo, na kila mmoja ataka kulima mpaka ukingoni, nami naifahamu shida hiyo. Lakini ukanda ule huzuia pia udongo usichukuliwe na maji. Kwa hiyo hata asiyejali wadudu ana sababu yake ya kuuacha.

La tatu, mali hii iwe na mwenyewe. Akija mtu katika skimu akitaka kuchukua wadudu, udongo au mimea kwa uchunguzi, msimfukuze, wala msimpe kwa soda. Mwulizeni kibali chake. Mwaka 2006 Kenya ilitoa kanuni juu ya jambo hili. Mwenye kutaka viumbe vya nchi kwa uchunguzi wa namna hiyo hutakiwa kupata kibali cha Halmashauri ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, na kupata ridhaa ya wenyeji baada ya kuwaeleza kazi yake. Mwaka 2014 yalianza kutumika Mapatano ya Nagoya, ambayo kwayo mataifa yamekubaliana kwamba faida ikipatikana kwa kiumbe cha nchi fulani, nchi hiyo nayo ipate fungu. Kwenda kwa chifu na kwa Bwana Shamba kabla ya kukubali si woga. Ni kulinda fungu la watoto.

Lakini pia msidanganywe kwamba mtatajirika kwa kujaza debe la Nairobi Fly. Tangu miaka ya 1980 wanakemia wamejua kuitengeneza pederini katika maabara bila mdudu hata mmoja. Thamani ya mdudu aliye hai ni habari iliyomo ndani yake. Tena habari hiyo husomwa mara ya kwanza kwa wadudu wachache tu, kisha yaweza kuigwa. Anayetaka magunia ya wadudu kwa bei ya ajabu ana lake jambo.

NENO KWA WENYE WATOTO

Watu wengine watasema, "Sisi ni wakulima. Twataka mahindi, maziwa na viazi. Kazi ya kutafuta dawa ni ya Wazungu." Hilo nalikataa kabisa. Mwaka 1970 Mkenya Thomas Odhiambo alianzisha katika Nairobi kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa wadudu, kiitwacho icipe, ambacho makao yake yako Kasarani. Aliona kwamba Afrika ndiyo inayoumwa na wadudu na kuliwa mazao na wadudu, na kwa hiyo yafaa Afrika ndiyo iwe na watu wa kuwajua wadudu. Wakulima wengi wa upande wa ziwa wamejifunza kutokana na kazi ya kituo hicho kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya napia pembeni, ili kumfukuza funza wa mabua na kumvutia nje ya shamba. Hiyo ni elimu ya wadudu iliyogeuka kuwa ugali.

Basi mtoto anayekaa kando ya shamba akitazama mdudu jinsi atembeavyo, asiitwe mvivu kila siku. Mwulizeni ameona nini. Ana miguu mingapi? Anakula nini? Ametaga wapi? Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo, akifika darasani ana jambo la kusema, na pengine akikua ndiye atakayeifungia pederini anwani. Kitu hicho hakihitaji karo. Chahitaji mzazi mwenye subira ya dakika 5.

Nami namalizia kwa kurudia maneno machache. Mwenye mgonjwa, mpeleke hospitali leo, usimpe mdudu. Mwenye bomba, tazama kwanza unaua nani. Mwenye ardhi, uliza kibali. Na usiku huu taa ikimleta yule mwekundu kwa mweusi juu ya meza yako, mpulize atoke nje arudi shambani, kwa sababu kazi yake huko haijakwisha, na yetu juu yake ndiyo kwanza yaanza.